Siku moja maishani mwangu: nesi wa kliniki ya masikio, Kigoma

Saa 12:00 asubuhi natoka Mwanga kwa miguu, chai ya rangi na maandazi mawili tumboni. Saa 2:00 benchi limeshajaa. Mtaalamu wa matamshi hatuna, kwa hiyo kazi yake imeniangukia mimi.

Saa 3:00 anaingia bibi kutoka Kasulu na mjukuu wa miaka 4, aliyeshonwa kaakaa, yaani paa la kinywa, akiwa na mwaka na nusu. "Nesi, huyu mkaidi. Ukimwita kwa nyuma, hageuki."

Namulika masikio. Ngoma imefifia, imevutwa ndani, nyuma yake maji mazito. Misuli ya kaakaa ndiyo inayofungua mrija wa kupitisha hewa kutoka nyuma ya pua hadi sikio la kati. Mtoto akizaliwa na kaakaa lililopasuka, misuli hiyo haivuti sawasawa, maji yanatuama, na kushona tundu hakuiamshi siku hiyohiyo. Hakuna maumivu wala usaha, basi nani ashtuke?

"Bibi, si mkaidi. Anasikia kama mtu aliyezamisha kichwa ziwani."

Ananyamaza kidogo. "Na nimemchapa."

Saa 4:30 namwekea mtoto kioo kidogo chini ya pua. Sema mama. Kioo kinaingia ukungu, na ndivyo inavyotakiwa, maana *m* hupita puani. Sema baba. Ukungu tena, na linalotoka ni "mama". Bibi anacheka hadi machozi: mwanawe, baba wa mtoto, amenuna muda mrefu kwa kuitwa mama mbele za watu! Kwenye "kaka", mtoto anakata sauti kooni kama mwenye kwikwi. Hiyo ni tabia aliyoizoea, inafundishika. Ila hewa kuvuja puani huenda ni kaakaa kutofika nyuma ya koo kuziba njia ya pua, na hapo mazoezi hayafui dafu. Daktari wa upasuaji aangalie tena.

Bibi anatoa puto kwenye khanga. Kaambiwa mtoto apulize kila siku. Ushauri huu unanichosha! Kupuliza ni kupuliza, kusema ni kusema. Namwachia mtoto puto lake achezee.

Saa 7:00, ugali wa muhogo na migebuka.

Saa 8:00 tunafanya mazoezi. Bibi anaketi uso kwa uso na mjukuu, mimi naziba pua ya mtoto kwa vidole viwili: "papa". Hewa inampiga kiganjani, anakodoa macho. Tena! Dakika chache, mara kadhaa kwa siku, basi. Naandika rufaa ya Mwanza, akapimwe usikivu, waamue kama atawekewa vijirija vya kupitisha hewa kwenye ngoma ya sikio. Bibi anauliza nauli kabla ya kuuliza kitu kingine.

Saa 10:00 nawaona getini. Mtoto kakimbilia puto barabarani. Bibi anafungua mdomo amwite, anaufunga, anamzunguka mbele na kuinama.