Glavu za ngozi, na kondoo wa kwetu

Mdogo wangu anaingia Leeds, Uingereza, mwezi wa kumi na moja kwa kazi ya kulea wazee. Juzi kanitumia picha ya koti alilolipata Kongowea, mtumba safi, zito, rangi nyeusi, na kwa kweli limempendeza. Nikamuuliza, "Na glavu?" Akanijibu, "Dada, mikono nitaitia mfukoni."

Maneno hayo hayo niliyasema mimi nilipofika Somerset. Kazi yangu ni ya kuzungukia wazee majumbani mwao. Natoka saa kumi na mbili asubuhi, giza bado, na kila nyumba nanawa mikono nikiingia na nikitoka. Mkono ulionawa ukatoka nje kwenye upepo wa Januari haukauki, unapasuka. Mwezi wangu wa pili vifundo vya vidole vilikuwa vimechanika mpaka damu, nikikamua ndimu nalia. Nikanunua glavu za kufuma, za pauni tatu. Upepo ulipita kama zile nyavu za mlangoni, na mvua ikinyesha nikawa nimebeba maji mkononi.

Aliyenifungua macho ni bibi mmoja niliyekuwa nikimhudumia kijijini, si mbali na Yeovil. Mji huo uliishi kwa glavu miaka na miaka, hadi timu yake ya mpira inaitwa The Glovers, yaani washona glavu. Wanaume wengi walikata ngozi kiwandani, na wanawake wa vijijini wakaletewa vipande nyumbani kushona. Bibi alikuwa mmoja wao. Siku hiyo aliichukua glavu yangu ya kufuma, akaitazama, akairudisha mezani bila kusema kitu. Kisha akanituma kwenye droo ya kabati nimletee zake.

Zilikuwa za kahawia, laini kama sikio la mwanambuzi. Akazigeuza ndani nje anionyeshe kazi. Mgongoni mishono mitatu iliyosimama, ile tunayodhani ni pambo tu. Baina ya vidole kuna vipande vyembamba virefu vinavyounganisha upande wa juu na wa chini, ndivyo vinavyofanya kidole kiwe na unene wake, kisiwe bapa. Halafu kwenye mashina ya vidole, vipande vidogo sana vyenye umbo la kashata. "Hivi vidogo ndivyo vinavyokuwezesha kukunja ngumi," akasema. Alisema pia mkataji akikosea kuivuta ngozi, mshonaji hana la kuokoa: glavu itanuke kwa upana ili mkono uingie, lakini isirefuke, la sivyo ncha za vidole zitabaki zikining'inia.

Nikamuuliza ni ngozi ya nini. Akasema ya kondoo wa nywele, wa Ethiopia.

Nilikaa kitako kwenye kapeti. Mimi nimekua nikimwona kondoo wa aina hiyo kila Idi, asiye na sufu, mwenye manyoya mafupi kama ya mbuzi, na sikuwahi kufikiri kwamba ngozi yake ina hadhi popote. Kumbe mabingwa wa glavu wanaitafuta. Kondoo wa sufu ngozi yake ina mafuta mengi na nyuzi zake zimelegea. Huyu wa jua kali ngozi yake imeshikana, kwa hivyo unaweza kuipunguza unene mpaka ukaihisi sarafu kwa ncha ya kidole, na bado isichanike. Kiwanda cha ngozi cha Pittards pale Yeovil, kilichoanza 1826, kilikuwa na kazi zake Ethiopia pia. Kilifungwa 2023, na Bibi aliizungumza habari hiyo kama mtu anayeeleza msiba.

Basi mdogo wangu, na nyinyi wengine mnaofungasha mabegi, kama pesa ni ya pea moja tu, nunua ya ngozi. Ndani iwe na bitana. Ya hariri ni nyembamba na inateleza vizuri mkononi, inatosha majani yanapopukutika, Oktoba hivi. Kwa Januari tafuta sufu ya kashmiri. Kazi yetu inataka simu kila nyumba, na ngozi ya kawaida haiendeshi kioo cha simu, kwa hivyo uliza zile zilizotengenezwa maalumu kwa hilo.

Sisi tunaovaa buibui tuna taabu yetu: mkono wa nguo ni mpana, upepo unapanda hadi kwapani. Glavu fupi inayoishia kwenye kifundo cha mkono haitufai. Urefu wa glavu za kike huhesabiwa kwa vifungo, hata kama hazina kifungo hata kimoja. Kifungo kimoja ni kama inchi moja, kuanzia shina la kidole gumba kupanda juu. Omba za vifungo vinne au sita. Ziingie chini ya mkono wa buibui, na hapo umependeza na umejisitiri.

Rangi, mimi nasema damu ya mzee. Nyeusi kwa nyeusi inakufanya kivuli, na kahawia inataka viatu vya kulingana. Damu ya mzee juu ya koti jeusi, na hina bado nyekundu kucha, ni mtindo ambao hata waliozaliwa huku wanageuka kuutazama.

Zikilowa usizianike juu ya kipasha joto cha ukutani. Mimi niliharibu pea nzuri hivyo, asubuhi nikakuta zimekakamaa kama ngozi ya ngoma. Ziweke bapa juu ya taulo, uvute kila kidole kiwe sawa, uziache zijikaukie.

Jana usiku nimempigia mdogo wangu, achukue tepu ya fundi ya mama, azungushe kwenye kiganja cha kulia, juu ya vifundo vya vidole, gumba likae nje, asibane. Inchi saba kamili ni namba saba. Akapima mara mbili, mama akishika simu. Saba na nusu, mkono wa baba. Jumamosi naenda kumtafutia.