Vidole Vingapi?

Nilipokuwa na miaka 14 nilicheza kiungo katika timu ya vijana, na nilikuwa nimeshazoea kuambiwa kwamba sina kipaji. Hawakulisema kwa ubaya. Walilisema kama mtu anavyotaja urefu wa mwenzake, jambo lililokwisha pangwa na Mungu. Mwenzangu wa pale kati ndiye aliyesifiwa kuwa amezaliwa na mpira. Na kweli alikuwa akiutuliza kwa namna ambayo mimi hadi leo siiwezi.

Kisha tukapata mwalimu mpya. Alasiri moja mazoezi yalipokwisha, wengine wakiwa wanavua viatu, alitubakiza sisi wawili. Alinisimamisha katikati ya uwanja, akamweka msaidizi wake nyuma yangu hatua kadhaa, yeye akaenda mbele na mpira. Sharti lilikuwa moja: kabla pasi haijanifikia, nitaje msaidizi ameinua vidole vingapi.

Pasi ya kwanza nilikodolea mpira tangu ulipotoka mguuni mwake mpaka ukanigusa. Ya pili niligeuka kutazama nyuma, mpira ukanipita. Niliendelea hivyo kwa muda, mara nakosa vidole, mara nakosa mpira.

"Kijana, hebu njoo," akaniita. "Mpira ninapougusa, nitazame mimi, maana hapo ndipo ninapoamua unakwenda wapi. Ukishatoka mguuni mwangu hauwezi tena kubadili mawazo. Huo muda wa katikati ni wako, tazama nyuma."

Halafu akanishika mabega akanigeuza kidogo, nisimkabili kifua kwa kifua bali nisimame upande, niupokee mpira kwa mguu wa mbali. Mkao huo peke yake ulinifungulia nusu ya uwanja ambayo sikuwahi kuiona. Pasi iliyofuata nilipaza sauti, "Vitatu!" na mpira ukawa umetulia, mimi nimeshaelekea goli la pili. Sijasahau furaha ile.

Ikafika zamu ya mwenzangu. Alituliza kila pasi kama kawaida yake, lakini vidole alikuwa akibahatisha tu. Hakuwahi kuhitaji kutazama nyuma: beki akimvamia, alimpiga chenga akatoka. Mwalimu akamwambia kwa upole, "Wanaokukaba leo ni watoto, baba. Watakua." Alinuna kidogo, kisha akaanza kujaribu kwa bidii. Na hapa lazima niseme ukweli wote: kabla giza halijaingia alikuwa ameshaliweza zoezi lile kunishinda. Mimi lilinichukua msimu mzima kulifanya bila kufikiri. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kipaji hakipo. Kipo, nilikiona kwa macho yangu, na kilikuwa katika wepesi wa kushika somo. Lakini somo lenyewe hakuzaliwa nalo.

Baadaye mtafiti wa Norway, Geir Jordet, alichunguza picha za video za viungo wa Ligi Kuu ya Uingereza, akakuta kwamba wanaotazama pande zote mara nyingi zaidi kabla ya kupokea mpira ndio wanaofikisha pasi nyingi zaidi. Watazamaji huita hilo jicho la kuzaliwa. Mimi nilifundishwa kwa vidole.

Tulipokuwa tunakusanya koni nilimuuliza, "Mwalimu, mimi umenibakiza kwa nini, wakati mwenye mpira ni yeye?"

Akanijibu kwa swali: "Umezaliwa mwezi gani?"

"Desemba."

"Na yeye Januari, mwaka huohuo. Amekuzidi karibu mwaka mzima wa kukua na wa kucheza, halafu watu wanawapima mzani mmoja."

Alikuwa sahihi kuliko nilivyoelewa siku ile. Timu za vijana zinazopangwa kwa mwaka wa kuzaliwa hujaa watoto wa miezi ya mwanzo, na tafiti za nchi nyingi zimelionyesha hilo tena na tena. Mtoto aliyetangulia kukua huchaguliwa, akichaguliwa anapata mwalimu na mechi, kisha tunasema alikuwa na kipaji tangu mwanzo. Luka Modrić, kiungo wa Kroatia, alikataliwa na klabu ya Hajduk Split kwa umbo dogo. Klabu ya Dinamo Zagreb wakamchukua, wakampeleka kwa mkopo Zrinjski Mostar, katika ligi ngumu ya Bosnia, akiwa bado kijana wa miaka 18. Mwaka 2018 alitwaa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa dunia. Wangapi walikataliwa hivyohivyo wasipate wa kuwachukua? Hilo linaniuma kila nikilifikiria.

Siku hizi nikialikwa kwenye majaribio ya vijana, kwanza naomba tarehe za kuzaliwa. Kisha naomba kila mtoto afundishwe jambo moja jipya, tumwone tena wiki inayofuata, ndipo tuanze kukata majina.