Mzee wa Jarida la Mbwa

Jirani yangu wa hapa South B alifiwa na baba yake mwaka huu, na sasa ameniletea kesi ambayo sikuiomba. Anataka mzee aingie Wikipedia. Anajua mimi hukesha nikihariri makala huko, kwa hiyo alibisha hodi na bahasha ya kaki mkononi.

"Dada, baba alitoa jarida la mbwa na paka hapa Nairobi wakati watu walikuwa wakicheka wakisikia paka amepelekwa kwa daktari. Kama huyo hastahili, nani anastahili?"

Ndani ya bahasha, juu kabisa, kulikuwa na tanzia. Mzee kavaa tai pana, chini yake watoto, wakwe, wajukuu, mahali pa mikutano ya matayarisho ya mazishi, na katikati ya hayo yote maneno "mchapishaji wa miaka mingi". Gazeti ni la kitaifa, tena kubwa, kwa hiyo kwake ushahidi umekamilika. Lakini tanzia hulipiwa, hilo kila Mkenya aliyewahi kuchangia mazishi analijua, na maneno huandikwa na familia usiku ule wa kamati huku chai ikipoa. Kamusi elezo kama Wikipedia hutafuta mtu baki: asiye ndugu, asiye mwajiriwa, asiyelipwa na mzee, aliyekaa chini akaandika habari zake kwa kirefu, na mhariri asiye na deni naye akazipitisha. Na mtu baki mmoja huwa hatoshi.

Chini ya tanzia kulikuwa na cheti cha shukrani kutoka maonyesho ya mbwa, barua za watangazaji, na makala ya gazeti ya nusu ukurasa. Hii ya mwisho niliisoma polepole kwa sababu ndiyo pekee yenye uzito. Ni mahojiano. Alivyoanza, bei ya karatasi ilivyomtesa, ndoto aliyokuwa nayo, yote kayasema mwenyewe. Ukiondoa yaliyomo ndani ya alama za kunukuu, mwandishi amebakiza salamu na maelezo ya ofisi. Alimsikiliza vizuri, lakini hakwenda kumuuliza mtu mwingine.

Jarida lenyewe lilinifurahisha kuliko nilivyotarajia. Toleo aliloniachia lina mbwa aina ya German Shepherd kwenye jalada, na rangi zilihama mashineni, ulimi mwekundu umetoka nje ya mdomo kwa upana wa kucha. Pini zimeshika kutu. Ukurasa wa barua una msomaji wa Kisumu anayeuliza kwa nini paka wake hula majani kisha anatapika, na mzee kamjibu kwa aya nzima, kwa heshima kama anayemjibu waziri. Kuna pia ukurasa wa chanjo ya kichaa cha mbwa, wenye mchoro wa jinsi ya kumshika mbwa mkali bila kuumwa. Mtu aliyefanya kazi hii kwa fedha zake alikuwa mtu wa maana, na hapo ndipo jirani yangu na mimi tunapoachana, kwa sababu umaana wa mtu haupimwi na ukurasa wa kamusi elezo na haijawahi kuwa kazi yake kuupima. Umaarufu wa jarida haurithiwi na mwenye jarida pia. *Cat Fancy* la Marekani lilitoka tangu 1965 hadi 2015, nusu karne ya paka, na wasomaji wake wengi wasingeweza kukutajia nani alikuwa akiwalipa wachapaji.

Akauliza kama kuna mchapishaji yeyote wa majarida ya wanyama wa nyumbani aliyekubaliwa. Yupo, na kisa chake ni kitamu. Herbert Axelrod wa New Jersey alianzisha *Tropical Fish Hobbyist* mwaka 1952, jarida la wafugaji wa samaki wa mapambo. Mwaka 1956 wataalamu wa Stanford na mtaalamu mmoja wa Smithsonian walikuwa wakikimbizana kumpa jina la kisayansi samaki mdogo mwekundu na buluu wa Amerika Kusini. Maelezo ya yule wa Smithsonian yalitoka katika jarida la Axelrod, siku moja tu kabla ya yale ya Stanford. Tume ya kimataifa inayosimamia majina ya wanyama ikaamua kwamba siku hiyo moja inatosha, ndiyo maana hadi leo samaki huyo anaitwa *Paracheirodon axelrodi*. Baadaye Axelrod akaiuzia orkestra ya New Jersey fidla na vyombo vingine vya kale kwa mamilioni ya dola, thamani yake ikazua maswali, akashtakiwa kwa mambo ya kodi, akakimbilia Cuba, akakamatwa Berlin, na mwaka 2005 akahukumiwa kifungo cha miezi 18.

"Kwa hiyo baba angekwepa kodi angeandikwa?"

Nilicheka, lakini ana hoja. Mahakama huacha makaratasi mengi kuliko wema. Hata hivyo Axelrod angeingia kwa yule samaki peke yake, maana wanasayansi walilazimika kumjadili.

Hapa kwetu mfano ni mwanahabari Hilary Ng'weno. Majarida yake, *Joe* aliloanzisha na Terry Hirst mwaka 1973, kisha *The Weekly Review* mwaka 1975, yamechambuliwa na wasomi ambao hawakuwa na haja ya kumpendeza. Aliandika siasa, na siasa ina maadui wenye kumbukumbu ndefu. Mbwa hana chama. Hakuna mbunge aliyewahi kusimama bungeni kulalamikia makala ya viroboto.

Linaloniuma ni kwamba kanuni ileile inambana zaidi mtu wa Nairobi. Uingereza gazeti la *Our Dogs* lipo tangu 1895, na wapo wanaotunza nakala na kuzisoma. Hapa sheria inamtaka mchapishaji awasilishe nakala serikalini, na kama mzee alifanya hivyo, risiti haimo kwenye bahasha. Magazeti ya zamani yaliyoweza kumtaja yamejaa vumbi Maktaba ya McMillan, Banda Street, na mengi hayajawahi kuingia mtandaoni. Mhariri aliye Toronto akitafuta jina lake atapata ukurasa mtupu, aamue hakuna kitu. Kutokuonekana kwenye intaneti hakumaanishi kutokuwepo, na kanuni zenyewe zinakubali gazeti la karatasi. Shida ni kwamba lazima mtu apande zile ngazi akalifunue.

Uamuzi wangu nilimpa wazi: makala ya mzee, hapana, kwa ushahidi huu. Ningeiandika mimi leo, mtu mwingine angependekeza ifutwe kabla ya mwezi kwisha, na familia ingesoma mjadala wa watu wasiomjua wakisema baba yao si mtu. Sitaki jirani yangu awaone wakisema hivyo. Jarida lenyewe lina nafasi bora kidogo, na njia ninayoiona ni ule ukurasa wa chanjo. Kichaa cha mbwa kinajulikana Kenya tangu 1912, na mpango wa taifa wa kukitokomeza unalenga 2030, kwa hiyo wapo wanaoandika tasnifu juu ya jinsi wananchi walivyoelimishwa. Kama kuna mwanafunzi wa udaktari wa mifugo pale Kabete, Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyelichambua jarida hili, hapo tuna pa kuanzia.

Kwanza lakini atoe lile katoni chini ya kitanda, lenye matoleo yote, awaulize Nyaraka za Taifa kama watalipokea. Hilo halihitaji ruhusa ya mhariri yeyote. Jumanne ataenda Kabete. Nimemwandikia maneno ya kutafuta katika orodha ya maktaba, na jina la jarida nimeliandika kwa tahajia mbili, maana toleo la kwanza lilikosewa herufi palepale kwenye jalada na mzee hakuwa na fedha za kulichapa upya.