Kabla ya Kutoboa Ukuta

Nyumba tunayokaa hapa Walukuba, Jinja, ina kuta za matofali ya kuchoma zilizopigwa plasta nyembamba yenye mchanga mwingi kuliko saruji. Kwa miaka mingi, kila nilipotaka kutundika kitu, nilifanya kama alivyofanya marehemu baba yangu: nilitoboa kwa drili, nikapigilia kile kiplastiki cha kushikia skrubu, nikakaza kwa bisibisi, kazi ikaisha. Baada ya miezi michache skrubu ilianza kuchezacheza, unga mwekundu wa tofali ukamwagika sakafuni, na tundu lililokuwa la milimita 6 likapanuka hata likaingia kidole. Nilisogea sentimita chache pembeni, nikatoboa tena, na tena. Ukuta wa jikoni kwetu una makovu mengi ya namna hiyo, na kila ninapoyaona huumia moyoni, kwa sababu mengi hayakuwa na ulazima wowote.

Kilichonibadilisha ni kigae kimoja cha bafuni. Fundi aliyekuja kufunga fimbo ya taulo alitoboa karibu mno na ukingo wa kigae, tena akiwa ameiacha drili yake katika hali ya kugonga, na kigae kikapasuka kutoka kwenye tundu hadi pembeni. Maji ya kuogea yalipenya katika ufa ule polepole, mpaka plasta ya upande wa pili, chumbani wanakolala watoto, ikaanza kutoa chumvi nyeupe na kumeguka. Fimbo ile haikufika hata kilo 1 kwa uzito. Tangu siku hiyo, kabla sijaazima drili ya jirani, hujiuliza kwanza kama kitu kile hakiwezi kushikwa kwa gundi.

Swali hilo halijibiwi kwa kusoma maandishi makubwa yaliyo juu ya mrija wa gundi. Linajibiwa kwa kuangalia mzigo utavuta kuelekea wapi. Skrubu hukusanya uzito wote mahali pamoja padogo, na kama mahali hapo ni plasta dhaifu, hapana la kufanya. Gundi husambaza uzito uleule katika eneo zima lililopakwa, kwa hiyo kibao cha sentimita 10 kwa 30 kinashikwa na ukuta kwa sentimita za mraba 300, na kila sehemu inabeba kidogo tu. Hata hivyo gundi ina udhaifu wake, na kila mtu aliyewahi kubandua plasta ya kidondani anaufahamu: ukiisukuma plasta hiyo sambamba na ngozi haiendi popote, lakini ukiishika pembe moja na kuiinua, inatoka yote. Gundi za ujenzi ni hivyohivyo. Mzigo unaoteremka sambamba na ukuta zinaubeba vizuri. Mzigo unaoinua ukingo na kuubandua unazishinda mapema.

Ndiyo maana ubao wa skatingi unaopita chini ya ukuta, kigae kilicholegea, kibao cha namba ya nyumba au mfuniko wa nyaya za umeme ni kazi za gundi bila mjadala, lakini rafu ya vitabu si kazi yake. Chukulia rafu yenye kina cha sentimita 25 iliyobeba kilo 10. Uzito wake unakaa takribani sentimita 12.5 kutoka ukutani, na kama kishikizo chake kina urefu wa sentimita 10 tu, sehemu yake ya juu inavutwa kutoka ukutani kwa nguvu inayozidi hata ule uzito wenyewe, takribani kilo 12.5. Ukitumia kishikizo cha sentimita 25, nguvu hiyo inashuka hadi kilo 5. Hesabu hii ni ya wenzo, ileile tuliyofundishwa shule ya msingi, na inaeleza pia kwa nini kulabu ya kutundikia makoti, ingawa ni ndogo, hung'oka upesi kuliko kioo kizito kilicholala bapa ukutani.

Jambo la pili ndilo lililonigharimu. Gundi haishiki ukuta. Inashika kile kilicho juu kabisa ya ukuta. Nilibandika kioo sebuleni juu ya rangi ya maji iliyokuwa imepakwa juu ya chokaa ya zamani, nikaona kimetulia, nikafurahi. Wiki ya tatu kilianguka usiku. Nilipookota vipande nilikuta gundi iko salama mgongoni mwa kioo, na juu yake kuna ngozi nzima ya rangi yangu pamoja na unga wa chokaa. Gundi ilikuwa imefanya kazi yake yote. Chokaa ndiyo iliyoachia. Namshukuru Mungu kwamba hakuna mtoto aliyekuwa amelala pale.

Sasa sibandiki kitu kabla ya kupima. Nabandika kipande cha tepu ya kunata ukutani, nakisugua kwa ukucha kishike barabara, kisha nakivuta kwa ghafla. Kikitoka na rangi au unga, basi rangi yote ya mahali pale lazima ikwanguliwe mpaka plasta tupu ionekane. Kisha naikwaruza plasta yenyewe kwa ncha ya ufunguo, na ikimwagika mchanga kama sukari, ukuta huo haufai kwa gundi wala kwa skrubu ndogo, mpaka sehemu hiyo ipigwe plasta upya kwa saruji ya kutosha. Vumbi linalobaki nalifuta kwa kitambaa chenye unyevu na kuacha pakauke. Jikoni nafuta kwa maji ya sabuni kwanza, kwa kuwa mvuke wa mafuta ya kukaangia hutanda ukutani hata pale ambapo jicho halioni kitu, na hakuna gundi inayopenda mafuta.

Kuhusu aina za gundi, dukani utaonyeshwa nyingi, lakini nyumbani kwangu zinatosha chache. Kwa mbao natumia ile gundi nyeupe ya maseremala, inayokauka kwa maji yake kunyonywa na ubao. Kiti kinachoyumba hakihitaji msumari wala skrubu, kwani skrubu inayoingia kwenye kichwa cha ubao, sambamba na nyuzi zake, hushika vibaya na mara nyingi huupasua. Kifungue kiti, kwangua gundi ya zamani yote, kwa sababu gundi mpya nyeupe haiungani na ile iliyokwisha kukauka, paka pande zote mbili, kisha kaza kiungo kwa vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyozungushwa kwa nguvu. Tyubu ni jiriwa nzuri, yaani kibanio, ya mtu asiye na jiriwa. Acha mpaka kesho yake ndipo mtu akikalie. Ubao wa mvule una mafuta yake ya asili, na mimi huufuta kwa spiriti muda mfupi kabla ya kupaka. Mkaratusi na paina hazinisumbui hivyo. Gundi hii lakini haifai mahali panapolowa kila siku, hata mti uwe mzuri kiasi gani.

Kwa ukuta, saruji na vigae natumia gundi ya mrija inayosukumwa kwa bunduki ileile ya silikoni. Zile za poliyurethani hukauka kwa kuvuta unyevu wa hewani, na hapa kwetu kando ya ziwa unyevu haukosekani. Hukauka kuanzia pembeni kuelekea ndani, milimita chache tu kwa siku, kwa hiyo anayepaka gundi kama duara lililofungwa, au kama bonge kubwa katikati, amejifungia gundi mbichi ambayo hewa haiifikii kwa wiki nyingi. Paka mistari ya wima yenye nafasi kati yake, hewa ipite na maji yakiingia yapate njia ya kushuka. Halafu shikilia kitu kwa tepu au kukiegemeza kwa mti usiku mzima, maana kukosa subira hapa huharibu kazi nyingi kuliko gundi mbaya. Kwa kioo, epuka silikoni yenye harufu ya siki. Asidi yake hula ile fedha ya nyuma na kuacha madoa meusi. Muulize muuzaji ile isiyo na siki.

Epoksi ya mirija miwili nimeiweka kwa chuma na kwa mianya ambayo gundi nyingine haziwezi kuijaza. Gundi ya matone inayoshika papo hapo naitumia kwa vikombe na vidude vya watoto, si zaidi, kwa kuwa ni ngumu na huvunjika ikigongwa.

Ile gundi ya manjano ya mafundi viatu na makochi nataka niizungumzie kwa uzito. Mvuke wake unashika moto, ni mzito kuliko hewa, na hutambaa chini sakafuni hadi ukute sigiri inayowaka. Watu wanaoishi katika vyumba vya kupanga tunavyoviita mizigo hupikia mlangoni, hatua mbili tu kutoka mahali wanapobandika kapeti. Tafadhali zimeni moto kwanza, fungueni dirisha, na watoto wakae nje. Mkebe ukifunguliwa ufungwe tena na uwekwe mbali na vijana. Sote tumewaona mitaani wanaoivuta, na tunajua inawafanya nini.

Tena, mpangaji akumbuke kwamba skrubu hutoka na kuacha tundu dogo la kuziba, lakini gundi iliyoshika vizuri hutoka na plasta ya mwenye nyumba. Vilevile, chochote kilicho juu ya kitanda, kishikizo cha televisheni, tangi la maji na mabati hubaki kwa skrubu na boliti zilizofika ndani ya tofali au mti imara. Bati la mita 3 likipanda kutoka nyuzi 20 hadi 60 za joto hurefuka zaidi ya milimita 1, kila siku, huku na huku; gundi ngumu itapasuka mapema, ile ya mpira itasaidia kuziba tu.

Kuna kazi ambapo vyote viwili hufanya pamoja. Mzee mmoja seremala alikuja kunirekebishia kizingiti cha mlango wa nyuma, akapaka gundi, kisha akakaza skrubu mbili. Nilimuuliza, "Mzee, kama gundi inashika, hizi za nini?" Akanijibu bila kuinua kichwa, "Mwalimu, hizi ni za kukushikia ubao mpaka gundi ikauke. Kesho ukitaka nizitoe, nitazitoa." Kesho yake alizitoa kweli, akaziba matundu, na kizingiti kile kimevumilia misimu miwili ya mvua.

Kioo kipya cha sebuleni bado kimeegemezwa chini. Plasta niliyoikwangua imekauka upande mmoja tu, kwa sababu mvua imenyesha wiki nzima. Mrija wa gundi upo kabatini, muda wake wa matumizi haujapita, nimeutazama jana. Nitaurudia mtihani wa tepu Jumamosi.