Nilivyoshinda kesi ya kutopisha kwenye makutano

Askari aliniandikia kosa la kutotii alama ya kupisha nilipotoka barabara ndogo kuingia kubwa. Mimi sikuiona alama yoyote. Kwanza sikulipa, maana sehemu nyingi ukishalipa umekiri kosa. Nilisoma karatasi yenyewe: kifungu cha sheria, saa, mahali na siku ya mwisho ya kupinga. Halafu nikakitafuta kile kifungu. Hapo ndipo nilipopata mwanga, kwa sababu kosa lote lilisimama juu ya ile alama. Dereva lazima aweze kuiona.

Jioni ile ile nilirudi pale. Alama ilikuwepo, ile pembetatu yenye ncha chini na ukingo mwekundu, ila tawi la mti lilikuwa limeifunika, imebaki ncha tu. Nikapiga picha nikiwa nimekaa kwenye usukani, kila baada ya hatua chache, hadi pale alama ilipoonekana yote: karibu kabisa na makutano. Nashukuru sikungoja kesho, kwani wiki iliyofuata tawi lilikuwa limekatwa.

Niliomba kusikilizwa kabla ya muda kuisha. Mbele ya hakimu sikumlaumu askari, wala sikusema "mbona hatukugongana". Hoja hiyo haisaidii, kwani kumlazimisha mwenzako afunge breki kwaweza kutosha kuwa kosa. Nilimpa picha kwa mpangilio. Alizitazama mara mbili, akamuuliza askari kama aliliona lile tawi, kisha akaifuta kesi.