Siku yangu moja katika nyumba ya wanawake wanaoacha pombe, Nakuru

Saa 10:30 alfajiri niko macho, nyumbani mtaa wa Langa Langa. Saa 11:40 nimefika kwenye lango letu upande wa Menengai, ambako baridi ya asubuhi hupenya sweta mbili. Kazi yangu ni matroni. Majirani wakiniuliza nafanya kazi wapi, nikiwaambia ni nyumba ya wanawake wanaoacha pombe, husema, "Aa, kwa walevi," na mazungumzo yanaishia hapo. Wengine hudhani kazi yenyewe ni kufunga milango na kuficha funguo. Nimeifanya miaka sita, na nimeamua kuandika Jumanne moja jinsi ilivyokwenda. Jina la mwanamke yeyote sitalitaja.

Kabla ya kuvua sweta naingia chumba cha kwanza kushoto. Humo alikuwa dada msusi kutoka Kaptembwo, aliyeletwa Jumapili jioni. Kwa miaka mingi hakuweza kushika kitana asubuhi kabla ya kumeza kidogo. Wenyewe huita kutoa loki. Mikono ikitetemeka mteja anaona, kwa hiyo anakunywa ili mikono itulie, na saa sita anahitaji tena. Sasa zilikuwa zimepita saa arobaini na kitu tangu anywe mara ya mwisho, na hapo ndipo sisi hatulali. Kifafa cha kukatizwa pombe huja zaidi ndani ya siku mbili za kwanza. Kuanzia siku ya pili mpaka ya nne mtu anaweza kuchanganyikiwa, akaona wadudu ukutani, mapigo ya moyo yakaenda mbio. Mwenzangu wa zamu ya usiku alinikabidhi karatasi ya nesi: jasho, mtetemo, mapigo, kama anajua yuko wapi. Alijua. Aliniuliza kama salio la simu yake limeisha.

Nesi humpa dawa ya kumtuliza jinsi daktari alivyoandika, na sindano ya vitamini B1 hutangulia kabla ya maji yoyote ya sukari. Mwili ulioishi kwa pombe huishiwa vitamini hiyo, na sukari ikitangulia inaweza kumaliza ile kidogo iliyobaki na kuumiza ubongo. Nayasema haya kwa sababu kila mwezi tunapokea mtu aliyefungiwa chumbani na ndugu zake kwa kufuli ili "akauke". Nawasihi, msifanye hivyo. Aliyekunywa kila siku kwa miaka akikatizwa ghafla bila daktari anaweza kufa. NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana nambari ya bure, 1192. Pigeni kwanza.

Saa 1 asubuhi ni uji wa wimbi, viazi vitamu na yai la kuchemsha. Wengi hufika kwetu damu imepungua, kucha zinakatika, hedhi imepotea miezi. Na wote, karibu wote, hufika wakiamini wao ni dhaifu kuliko kaka zao, maana kaka anakunywa zaidi na bado anaenda kazini. Nesi wetu huwaeleza polepole, wakati wa uji. Mwanamke ana maji machache mwilini kuliko mwanamume wa uzito uleule, na kile kimeng'enya cha tumboni kinachoanza kuivunja pombe anacho kidogo. Glasi ileile humpanda zaidi damuni. Anaweza kuanza kunywa miaka mingi baada ya kaka yake na ini lake likaharibika mapema. Nimeona mama wa miaka 40 akilia juu ya kikombe cha uji aliposikia hayo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ni maumbile.

Kuanzia saa 2 mpaka saa 4 ni kufagia, sala kwa wanaotaka, mazoezi ya kupumua, kikao na mshauri, bustani.

Kuhusu bustani na cherehani nitasema kidogo, kwa sababu wageni wakiziona huuliza matibabu yako wapi. Tuna mama mmoja wa mtaa wa Rhonda aliyesomesha watoto wanne kwa pipa la chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji. Sheria ya mwaka 2010, ile tuliyozoea kuiita Sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, iliruhusu chang'aa kwa wenye leseni, lakini pipa la uani halijui leseni. Yeye alikuwa akionja kila pombe mpya inapotoka, ajue ina nguvu kiasi gani, na kuonja kukawa kunywa. Sasa mwambie tu, "Acha." Akirudi nyumbani, wateja wanabisha mlango uleule, karo inadaiwa muhula uleule, na kazi anayoijua ni moja. Ushauri mzuri kiasi gani utamfikisha mwezi wa tatu bila mkono kuwa na kazi nyingine? Ndiyo maana anajifunza kupika sabuni ya maji na kushona sare za shule, na ndiyo maana vitanda vyetu vya sukuma na managu ni virefu kuliko chumba cha kikao. Mwanamke haugui pombe peke yake. Anaugua kukosa usingizi, deni, kipigo cha zamani, mtoto aliyemwacha kwa nyanya. Ukitibu kimoja na kuacha vingine, kile kimoja kinarudi.

Saa 4:20 askari wa lango akaniita.

Nje palikuwa na pikipiki, mwanamume ameshika usukani bila kushuka, na mama wa makamo mwenye mtoto mgongoni. Niliwatambua: mume na wifi wa mwalimu wetu wa chekechea kutoka upande wa Njoro. Mwalimu alikuwa siku ya 23 kati ya 90.

"Tumekuja kumchukua," wifi alisema kabla ya salamu. "Amepona. Jumamosi nilimwona, amenenepa."

Nikawaambia karibuni mkae kwanza, siku ya wageni ni Jumamosi lakini tutazungumza. Nikatoa viti chini ya mparachichi. Wifi hakukaa. Alisema waliuza mtamba kulipa malipo ya kwanza. Alisema mahindi hayajapaliliwa, watoto wawili wakubwa wanaenda shule bila kuoga, na huyu mdogo halali usiku, na yeye mwenyewe ana nyumba yake na mume wake. "Wewe madam, hata umezaa? Unakaa hapa na wake za watu, mnakula mayai, sisi tunaangamia." Nilimwambia nimezaa wawili. Nikasema, "Dada, mimi siwezi kumzuia kutoka na siwezi kumtoa. Aliingia kwa hiari yake. Uamuzi ni wake." Akasema uamuzi wa mwanamke aliyeolewa si wake peke yake.

Mshauri alikuwa ndani ya kikao kingine ambacho hakikatizwi. Mkurugenzi alikuwa kwenye mkutano mjini, simu yake inaita mpaka inakata. Nilimpigia mara saba. Jua likapanda. Mtoto akaanza kulia kilio kile cha njaa na usingizi pamoja, nikaenda jikoni kumletea uji, nikakuta maharagwe yameshika chini ya sufuria, nikayaepua, nikarudi, nikamkuta wifi akimwambia askari kwamba sisi tunakusanya wake za watu ili tupate pesa. Kila nilipojibu moja alianza upya kutoka kwenye mtamba. Miguu yangu ina mishipa iliyovimba. Kufikia saa sita nilikuwa nimeegemea nguzo ya lango na maneno yote niliyofundishwa yameniishia.

Niseme jambo ambalo limekaa moyoni mwangu. Kabla ya hapa nilifanya kazi miezi minane kwenye kituo cha wanaume. Huko wake huja Jumamosi na chapati na nguo zilizofuliwa, humwambia mume atulie amalize siku zake, nyumbani watajipanga. Kwetu, watu huja kuuliza lini. Nani atapika, nani atapalilia, nani atalala na mtoto. Sijaona mwanamume akitolewa siku ya 23 kwa sababu shamba halijapaliliwa. Wanawake nimewaona wengi, na baadhi yao nimewaona tena wakiletwa wakiwa wagonjwa zaidi.

Kikao kilipoisha nilimwita mwalimu. Sikumwandaa, na hilo najilaumu. Nilipaswa kumkalisha chini kwanza. Alitoka akifuta mikono kwenye leso, akamwona mtoto, akapiga magoti pale pale kwenye changarawe na kufungua mikono. Mtoto akajificha nyuma ya gauni la shangazi yake.

Hakuna aliyesema neno. Hata wifi.

Baadaye kidogo ndipo wifi alipopata sauti. "Unaona? Amekusahau. Chukua nguo zako twende."

Mwalimu alikuwa bado amepiga magoti. Alisema taratibu sana, akimwangalia mumewe na si wifi: "Nikirudi leo, Ijumaa nitakuwa nimekunywa. Nakuambia ukweli. Bado kila jioni natafuta ile chupa ndani ya kichwa changu. Mnipe siku zilizobaki."

Mume akashuka kwenye pikipiki. Tangu saa 4:20 hakuwa ametamka lolote, nami nilikuwa nimeshamhukumu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Akasema, "Halali. Nimejaribu kila kitu. Anakuita usiku kucha." Hakuwa amekuja kugombana. Alikuwa amechoka, na hakuwa na wa kumwambia ila dada yake.

Nyumba yetu haina kitanda cha mtoto. Nafahamu mama waliokataa kabisa kuja kwa sababu hiyo moja, na nikipata pesa kesho ndicho chumba nitakachojenga kwanza. Mkurugenzi alipiga simu saa 7 kasoro. Tulikubaliana mtoto aletwe Jumatano na Jumamosi mchana, ale na mama yake, acheze bustanini. Siku hiyo alikula ugali na managu kwenye sahani ya mama, kwanza akiwa mbali kwa urefu wa mkono, kisha karibu, mwishowe mapajani. Wifi alikula pia, kimya. Walipoondoka mtoto alilia mpaka pikipiki ikapinda barabarani, na mwalimu akabaki ameshika vyuma vya lango.

Watu hudhani hatari ilikuwa wakati ule wa ugomvi. Hatari ilikuwa mchana uliofuata. Tuna maneno manne tunayofundisha: njaa, hasira, upweke, uchovu. Mtu akiwa na moja tu yuko karibu kuteleza, na mwalimu alikuwa na matatu. Aliniomba viatu vyake vya kutokea. Akaniomba tena. Nikamwambia viko stoo, atapewa akivitaka, lakini kwanza anisaidie viazi. Tulimenya ndoo nzima, viazi ambavyo hata havikuwa vya siku hiyo. Hakuongea. Mama wa Rhonda alikuja na kisu chake bila kuitwa, akakaa upande wake wa pili. Sijui tulikaa muda gani. Mvua ilianza, ikaisha, na nilikuwa nahisi mgongo wangu kama ubao. Katikati ya viazi mwalimu akasema, "Amejificha," mama wa Rhonda akajibu, "Wa kwangu alijificha mwezi mzima. Sasa ndiye anayenilipia hapa."

Viatu hakuviomba tena.

Jioni msusi alikaa kitandani akashika kikombe kwa mikono miwili na chai haikumwagika. Aliomba chapati. Hapakuwa na chapati. Nilimpikia mbili.

Zamu yangu huisha saa 12:30. Mwenzangu alikwama Free Area kwa sababu ya mvua, na nyumba yenye mtu wa siku ya pili haiachwi bila matroni, kwa hiyo nikaendelea. Usiku ndio mgumu. Usingizi wa aliyeacha pombe huchukua wiki nyingi kurudi, na dawa za usingizi hatugawi ovyo, maana tusije tukabadilisha chupa kwa kidonge. Wengine hufuma vitambaa ukumbini. Wengine hukaa tu karibu na wanaofuma.

Simu ya ofisi ililia mwenzangu akiwa ndiyo kwanza anavua koti. Sheria yetu ni kwamba baada ya saa 2 usiku hakuna simu. Alikuwa yule mume. Nyuma yake nilisikia kilio. Hakujitetea wala hakuomba mengi, aliuliza tu kama mama anaweza kumsemesha mtoto kidogo.

Nilimwita mwalimu. Waya wa kuchaji ni mfupi na simu ilikuwa karibu kuzima, kwa hiyo nilisimama nimeishika juu karibu na ukuta, spika imefunguliwa, naye akakaa sakafuni chini yake, mgongo ukutani. Hakuzungumza. Alianza kuimba kwa sauti ya puani wimbo wa kuwalazia watoto wa chekechea baada ya uji, mstari uleule, ukizunguka na kuzunguka. Upande wa pili kilio kikashuka, kikarudi, kikashuka tena. Mkono wangu ukafa ganzi nikabadilisha mkono. Mwenzangu akasimama mlangoni na rejista, akingoja nimkabidhi, asiseme kitu.

Kisha mume akanong'ona, "Basi," na simu ikakatika.

Nikachukua rejista. Saa 3:10 usiku, dakika 22. Kwenye safu ya sababu nikaandika: kumlaza mtoto. Nikatia sahihi na kwenda kutafuta matatu.