Nipeni mwiko, karai nimelibeba vya kutosha

Nikisema nataka usawa kwenye saiti za ujenzi, watu hudhani nadai wanawake waajiriwe zaidi. Wanawake tupo. Siku ya kumwaga zege angalia nani anachota maji, nani anapandisha makarai, nani anafagia mafundi wakishaondoka. Shida ni kwamba tunaanzia hapo na tunazeekea hapo hapo.

Kijana tuliyeingia naye kama vibarua hakukaa sana kabla ya kukabidhiwa mwiko wa kujengea na kamba. Alipindisha kozi, yaani safu ya matofali, fundi akaibomoa, akamwonyesha tena. Uashi hujifunzwa hivyo, kwa kuruhusiwa kuharibu. Mimi niliitwa tu: "Dada, mchanganyiko umeisha huku!"

Nilijifunza saa za mapumziko, wenzangu wakiwa kivulini. Fundi mmoja mzee alinipa timazi, uzi wenye jiwe la kuning'inia wa kupimia kama ukuta umenyooka, akaniambia nisikodolee macho tofali, nitazame chini: jiwe likiegemea ukuta, basi juu umerudi nyuma, likiacha mwanya, juu umekuja mbele. Siku nilipojenga ukuta wangu wa kwanza mzima, msimamizi alileta pima maji akaukagua kila kona. Wa jirani yangu hata hakuugusa. Sikuudhika sana, maana ulikuwa umenyooka.

Halafu kuna hoja ya nguvu. Ati uashi ni kazi nzito kwa mwanamke! Jamani, karai lililojaa, ngazi, ghorofa ya tatu, kutwa nzima, na anayelibeba ni mwanamke. Mwiko una uzito gani? Mfuko wa saruji wa kilo 50 unaumiza mgongo wa yeyote, awe mwanamume au mwanamke, ndiyo maana heri toroli.

Pesa nazo zinafuata mwiko. Mkataba namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1951, unataka wanaume na wanawake walipwe sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Mkandarasi hana haja ya kuuvunja. Akituacha kwenye karai miaka yote, anatulipa "sawa" na kibarua yeyote na daftari lake linabaki safi.

Choo nitakitaja kwa kifupi, kwa sababu nimechoka kukitaja. Mkataba namba 167 wa shirika hilo hilo, wa mwaka 1988, wa usalama kwenye ujenzi, unazungumzia vyoo na mabafu tofauti kwa wanawake na wanaume. Nimefanya kazi na wanawake wanaojinyima maji juani ili wasihitaji kwenda.

Siku hizi nikisimamia kazi ndogo ndogo nina sharti: kila kibarua, wa kike kwa wa kiume, anajenga kozi moja kabla ya kufunga kazi, na ikipinda tunaibomoa. Mafundi wananung'unika kwamba saruji inapotea. Ni kweli inapotea. Naiweka kwenye makadirio mapema, pamoja na matofali ya kuvunjika.